Mchango Usiishie Gatini

(Mawaidha kwa vijana wa Shela baada ya Tarawehe)

Bismillahi Rrahmani Rrahim.



Ndugu yangu msomaji, dada yangu, na nyinyi wazee wetu mliotulea: ukisikia msikitini kwamba fulani ana maradhi ya moyo na yuatakiwa kupelekwa Mombasa, Nairobi au India, wajua kitakachofuata. Kofia itazunguka, kina mama watachanga, jamaa walioko Mombasa na Arabuni watatuma chochote. Alhamdulillahi, kwa hilo hatujambo. Siku ya safari sote tuko gatini twaomba dua. Boti ikiondoka kwenda Manda kwenye ndege, na sisi twaondoka. Hapo ndipo penye kasoro yetu.

Hebu tutazame matibabu makubwa kuliko yote ya moyo, yaani kuutoa moyo ulioshindwa na kupandikiza mwingine. Mara ya kwanza mtu kupewa moyo wa mtu mwenzake ilikuwa hapa hapa Afrika, tarehe 3 Disemba 1967, hospitali ya Groote Schuur, Cape Town. Daktari alikuwa Christiaan Barnard. Mgonjwa, Louis Washkansky, aliishi siku 18. Moyo mpya ulikuwa ukifanya kazi. Kilichomuua ni nimonia, kwa sababu dawa za kuuzuia mwili usiukatae moyo ule zilidhoofisha kinga yake. Leo dawa ni bora, na wengi huishi miaka kumi na zaidi. Lakini somo ni lile lile: upasuaji ni mwanzo tu.

Kenya yapandikiza figo. Wanaohitaji moyo huenda nje. Na wagonjwa wetu wengi wa moyo hawahitaji kubadilishiwa moyo mzima. Kuna ambao vali zao ziliharibika kwa homa iliyoanzia kwenye koo la utotoni lisilotibiwa. Akiwekewa vali ya chuma, atameza dawa ya kuzuia damu kuganda maisha yake yote, na kupimwa damu mara kwa mara. Basi huyu na yule wa moyo mpya hurudi nyumbani na mzigo mmoja: dawa kila siku, mpaka mwisho wa uhai.

Sasa tufanye nini?

Kwanza, dawa zisikatike. Kukosa siku chache tu kwaweza kuufanya mwili uukatae moyo, au damu igande kwenye vali. Shilingi mia ya kila mwezi kutoka kwa vijana ishirini yamfaa mgonjwa kuliko harambee moja kubwa inayosahauliwa. Na asiye na pesa ana miguu: amfuatie dawa Lamu mjini, amsindikize kliniki.

Pili, adabu ya kumzuru mgonjwa. Kumtazama mgonjwa ni haki yake juu yetu, sote twajua. Lakini aliyepandikizwa moyo kinga yake ni dhaifu. Ukiwa na mafua, mpigie simu, thawabu hukosi inshaallah. Ukienda, nawa mikono, keti kidogo, ondoka. Usimpelekee dawa za miti shamba, wala habasoda, kabla daktari wake hajaulizwa. Hata juisi ya balungi ya futari yaweza kuzidisha nguvu ya baadhi ya dawa hizo mwilini ikamdhuru.

Tatu, na hili lauma: swaumu. Dawa nyingi za moyo mpya hunywewa mara mbili, kila baada ya saa 12. Swaumu yetu hapa yapita saa 13. Mwenyezi Mungu amempa mgonjwa ruhusa katika Suratul Baqara, aya ya 184 na 185, na ambaye maradhi yake hayatarajiwi kupona hulisha maskini. Kwa nini basi sisi tumtazame kwa jicho baya akinywa maji mchana? Kuna wanaoficha vidonge kwa kuona haya. Haya hiyo twawapa sisi, na yaweza kuua.

Nne, anayeuguza. Mke au mama alala macho miezi, biashara yake ya mahamri imesimama, watoto hawana wa kuwapeleka chuoni. Ni nani amuulizaye yeye ana hali gani? Mpelekee futari bila kuombwa. Kaa na mgonjwa saa mbili, naye apate kulala.

Tano, madeni. Wenye madeni wametajwa katika Suratut Tawba, aya ya 60, miongoni mwa wanaostahiki zaka. Familia iliyokopa kwa ajili ya tiba isipite mbele ya macho yetu Ramadhani hii. Waulizeni mashekhe wetu namna ya kuitoa.

Huenda ukauliza: kwani kupewa moyo wa maiti yajuzu? Baraza la Fiqhi la Kiislamu la kimataifa, kikao cha Jeddah mwaka 1988, lilijuzisha kiungo cha maiti kumuokoa aliye hai, kwa idhini ya marehemu au warithi wake, na bila kuuzwa. Wako wanavyuoni wenye rai nyingine, kwa hivyo uliza. Ila kumhudumia mgonjwa akisharudi hakuna khitilafu.

Kabla ya Idi, kila darasa la chuo lichague nyumba moja yenye mgonjwa. Lisiiache hata baada ya Idi.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awape subira wanaowauguza, na asitujaalie kuwa watu wa gatini tu. Amin.

Wabillahi tawfiq.