Usione Vyaelea: Tuitazame Video Bila Sauti

(Mazungumzo na vijana wa Nyegina, Musoma Vijijini)

Leo tumetazama video moja ya muziki wa roki mara mbili: kwanza na sauti, halafu tukaizima sauti. Mara ya pili wengi mlicheka. Kwa nini? Kwa sababu muziki ukiondoka, ufundi unabaki wazi.

Hebu tuutaje. Kwanza, mwimbaji haimbi kweli. Anafuatisha mdomo wimbo uliokwisha kurekodiwa. Pili, kamera humpiga kutoka chini ili aonekane mrefu na mwenye nguvu. Tatu, kuna moshi, na taa zinawaka nyuma yake. Nne, picha zinakatwa harakaharaka, jicho halipati nafasi ya kuuliza swali. Na si roki peke yake. Katika Bongo Fleva mara nyingi utaona gari la kuazima, nyumba ya kukodi, chupa zimejaa mezani, lakini hakuna aliyelewa wala anayeumwa.

Sasa turudi kwenye video yetu. Ni ya kundi la Queen la Uingereza, "These Are the Days of Our Lives", iliyopigwa Mei 1991. Mwimbaji, Freddie Mercury, ni mzaliwa wa huku kwetu: alizaliwa Unguja mwaka 1946, jina lake Farrokh Bulsara. Zamani alikuwa akilikimbia jukwaa zima. Humu amesimama karibu mahali pamoja, uso umepakwa vipodozi vizito, na picha ni nyeusi na nyeupe. Ungedhani ni mtindo tu. Kumbe alikuwa mgonjwa sana, na rangi ingemuumbua. Hata mpiga gitaa Brian May hakuwapo siku ile. Alipigwa picha baadaye, akaunganishwa. Novemba 23, 1991, Mercury alitangaza kuwa ana UKIMWI. Kesho yake alifariki, akiwa na miaka 45.

Simlaumu hata kidogo. Ugonjwa ni siri ya mtu, na unyanyapaa ulikuwa mkali. Lakini mmoja wenu ameniuliza, "Si mwenye VVU anajulikana tu kwa kumtazama?" Jamani, hapana! Mtu anaweza kukaa na virusi miaka mingi bila dalili yoyote. Huyo hahitaji vipodozi wala kamera. Kinachojua ni kipimo.

Tena leo si kama 1991. Dawa za mchanganyiko zenye nguvu zilianza kutumika mwaka 1996, na Tanzania ilianza kutoa ARV bure mwaka 2004. Anayezimeza kila siku kama alivyoelekezwa, virusi vikapungua hadi visionekane kwenye kipimo, huishi miaka mingi na hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Na tangu 2019, sheria inamruhusu kijana wa miaka 15 kupima bila idhini ya mzazi.

Wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Basi nawapa kazi. Mkiwa kwenye kibanda cha video au kwenye simu, zimeni sauti mjiulize: Nani kaipanga picha hii? Imeficha nini? Asubuhi yake ilikuwaje? Na ukiwa na mpenzi, usimpime kwa macho. Nendeni zahanati, mkapime wote wawili.