Ameanza Lini?

Mzee anapoanza kupotea njia ya msikitini, au kuwaita wajukuu kwa majina yasiyo yao, jibu la jirani huwa tayari mdomoni: ni uzee huo. Jirani ana sababu ya kudhani hivyo, kwa kuwa magonjwa mengi ya kusahau humla mtu polepole, mwaka baada ya mwaka. Lakini naomba neno hilo lisitamkwe kabla ya swali moja kuulizwa na kujibiwa: ameanza lini? Kama mwezi uliopita alikuwa akihesabu mwenyewe mauzo ya duka lake, na leo hatofautishi noti ya elfu kumi na ya elfu moja, basi tusiusingizie uzee. Akili inayoporomoka ndani ya majuma inaporomoshwa na maradhi, na baadhi ya maradhi hayo yana dawa.

Chukua mfano wa moja lililo nadra. Protini iitwayo amiloidi, ileile inayorundikana katika ubongo wa mgonjwa wa Alzheimer, hujipaka kwenye kuta za mishipa midogo ya damu ya ubongo. Wazee wengi wanayo bila kujua. Kwa wachache, kinga ya mwili huivamia protini hiyo kama adui. Mishipa huvimba na kuvuja, na ubongo unaoizunguka hujaa maji. Mzee huchanganyikiwa, kichwa humuuma, tabia hubadilika, pengine huanguka kifafa ambacho hajawahi kuwa nacho maishani. Kwamba kinga inaweza kuleta madhara ya namna hii, dunia ilionywa mwaka 2002, pale majaribio ya AN1792, chanjo dhidi ya Alzheimer iliyoichochea kinga kuishambulia amiloidi, yaliposimamishwa baada ya takriban watu 6 katika kila 100 waliochanjwa kupata uvimbe wa ubongo na utando wake.

Zamani, uhakika ulipatikana kwa kufungua fuvu na kukata kipande cha ubongo, jambo zito kwa mtu wa miaka 70. Mwaka 2016 watafiti wakiongozwa na Eitan Auriel walipima vigezo visivyohitaji kisu: umri wa miaka 40 au zaidi, dalili kama nilizozitaja, na picha ya MRI yenye mabaka ya maji yasiyolingana pande mbili za ubongo pamoja na alama za damu iliyovuja. Vigezo hivyo viliwatambua asilimia 82 ya wagonjwa, na viliwaondoa kwa usahihi asilimia 97 ya wale wenye amiloidi bila uvimbe.

Mtu atasema wagonjwa waliothibitishwa katika utafiti huo walikuwa 17 tu, na kwamba dawa zenyewe, steroidi zinazotuliza kinga, ni hatari ugonjwa ukikosewa kutambuliwa. Ni kweli, na kwetu ni kweli zaidi. Kifua kikuu cha ubongo na maambukizi yanayoandamana na VVU huweza kuleta dalili zinazofanana, na steroidi pekee zikitolewa kwa kubahatisha zinaweza kuyapa maambukizi hayo nguvu. Ndiyo maana vigezo hivyo vina sharti la mwisho, kwamba sababu nyingine ziondolewe kwanza: kipimo cha VVU, maji ya uti wa mgongo, utafutaji wa saratani. Na mgonjwa asipopata nafuu kwa dawa, suala la kukata kipande hurudi mezani.

Mwingine atauliza kwa nini familia ijikamue kulipia MRI, tena mbali na nyumbani, kwa ugonjwa ambao madaktari wengi hawajauona. Jibu langu ni kwamba safari hiyo haifanywi kwa ajili ya ugonjwa huo peke yake. Damu iliyokusanyika chini ya fuvu baada ya kuanguka, chumvi iliyopungua mwilini, maambukizi na uvimbe wa saratani hutafutwa katika safari hiyohiyo. Pia kosa lina gharama yake: mwenye ugonjwa huo akidhaniwa ana kiharusi cha kawaida, anaweza kupewa dawa za kuzuia damu kuganda ilhali mishipa yake tayari inavuja. Na tumaini lipo. Katika utafiti wa mwaka 2020 wa wagonjwa 48 wa ugonjwa huo, asilimia 94 ya waliopewa dawa za kutuliza kinga walipata nafuu, dhidi ya nusu ya wasiopewa. Dawa hazikugawiwa kwa kura, hivyo tofauti hiyo isichukuliwe kama ahadi. Lakini inatosha kutukataza kukata tamaa mapema.

MRI itaonyesha mabaka, si tarehe yalipoanza. Siku ambayo mama aliacha kutia chumvi kwenye mboga, au baba alishindwa kufunga vifungo vya shati, inajulikana na waliokuwa naye nyumbani. Waiandike tarehe hiyo na kwenda nayo hospitali, na daktari aiulize kabla hajaandika neno uzee kwenye faili.