Kawia Ufike: Kuuzunguka Mji Mkubwa kwa Gari-Nyumba



Tumekuja kuzungumza juu ya gari-nyumba, yaani gari lenye vitanda, jiko na choo ndani yake, ambalo hapa Marekani hufahamika kwa herufi mbili, RV. Zipo familia za wasemaji wa Kiswahili ambazo hulikodi wakati wa likizo, mahafali na harusi, kwa kuwa linawawezesha wazee na watoto kusafiri pamoja bila gharama ya vyumba vitatu vya hoteli. Uamuzi huo ni mwema. Hata hivyo, ni lazima tuseme wazi kwamba barabara iliyo salama kwa gari dogo yaweza kuwa mtego kwa gari-nyumba, na mitego hiyo hukutwa zaidi karibu na miji mikubwa.

Ili tusizungumze hewani, tuchukue mfano. Familia ya watu sita inaishi kaskazini mwa Virginia, nayo inatakiwa kuwapo harusini Massachusetts siku ya Jumamosi. Bibi yumo, watoto wamo, na masufuria ya pilau yamo. Gari walilokodi lina urefu wa futi 28, yaani kama mita 8.5, na kimo cha futi 11 na inchi 6, yaani mita 3.5. Jiko lake hutumia gesi ya propani kutoka katika tangi lenye uwezo wa pauni 40, sawa na kilo 18. Baba anaitazama simu, nayo simu inamwambia afuate barabara kuu ya I-95 moja kwa moja. Kati yake na harusi ipo miji ya Washington, Baltimore na New York.

Tuanze na Baltimore. I-95 hupita chini ya bandari ya mji huo kwa handaki la Fort McHenry, na barabara jirani ya I-895 hupita kwa handaki la Baltimore Harbor. Mahandaki yote mawili hayaruhusu gari lililobeba chombo cha propani kinachozidi pauni 10, sawa na kilo 4.5. Kuifunga valvu hakuondoi katazo hilo. Sababu yake ni ya haki: moto ukizuka ndani ya handaki, joto na moshi havina pa kutokea, na abiria wa magari mengine hawana pa kukimbilia. Anayepita humo kwa siri haweki hatarini nafsi yake peke yake.

Zamani magari ya namna hiyo yalielekezwa kwenye daraja la Francis Scott Key, lililokuwa sehemu ya barabara ya mzunguko ya I-695. Usiku wa kuamkia tarehe 26 Machi 2024, meli ya mizigo iliigonga nguzo ya daraja hilo, likaanguka, na wafanyakazi 6 waliokuwa wakilikarabati wakapoteza maisha. Kwa hiyo kitabu chochote cha ramani kilichochapishwa kabla ya siku hiyo kinaonyesha njia iliyokatika. Iliyobaki kwa gari-nyumba lenye gesi ni upande wa magharibi wa I-695, ambao huiacha I-95 kusini-magharibi mwa mji na kuirudia kaskazini-mashariki. Hauna handaki wala tozo, ila una msongamano mkubwa asubuhi na jioni.

Ipo njia ya pili, ya US 301, inayovuka ghuba ya Chesapeake kwa daraja refu zaidi ya maili 4, kisha ikaingia Delaware. Njia hii huiacha Baltimore kando. Lakini daraja lake li juu na wazi. Upepo ukizidi, wasimamizi huzuia baadhi ya magari, yakiwemo matela ya makazi. Basi anayeichagua aulize kwanza hali ya hewa.

Tuje sasa New York. Mahandaki ya Holland na Lincoln, yanayopita chini ya mto Hudson, nayo hayapokei magari yenye propani. Aidha, zipo barabara nzuri zenye miti pembeni ambazo majina yake huishia kwa neno Parkway. Nyingi zilijengwa kwa ajili ya magari madogo, na baadhi ya madaraja yanayozivuka ni ya chini mno. Matela na magari marefu kwa kimo hayana nafasi humo. Barabara ya Merritt Parkway katika Connecticut ni ya jamii hiyo hiyo. Uonapo neno hilo katika kibao, lihesabu kuwa ni onyo kwako. Na msidhani kuwa kosa hili hufanywa na wageni tu: mjini Boston, karibu na tarehe 1 Septemba kila mwaka, siku ambazo wapangaji wengi huhama, malori ya kukodi hunasa chini ya madaraja ya Storrow Drive, hata wenyeji wamelitungia tukio hilo kitenzi chake.

Je, kwa nini simu haikumwonya baba yule? Kwa sababu programu za kawaida za ramani hukadiria kwamba anayeuliza yumo katika gari dogo. Hazijui kimo cha gari lako wala hazijui una gesi. Vipo vifaa na programu maalumu ambamo dereva huingiza kimo, urefu, uzito na habari za gesi kabla ya kuonyeshwa njia. Tunashauri mvitumie, lakini msivitegemee peke yake. Pimeni kimo cha gari kuanzia chini hadi kilele cha mashine ya kupoza hewa iliyo juu ya paa, wala si hadi paa lenyewe. Kiandikeni kwa futi na inchi, kama vibao vya barabarani vinavyoandika, na mkibandike mbele ya macho ya dereva. Mtu aliyeshikwa na hofu hawezi kukumbuka hesabu.

Sasa tuzungumzie fedha, kwa maana hapa ndipo mkataba unapozungumza. Kabla ya kutia saini, ulizeni maswali matano, na mpate majibu yake kwa maandishi.

Kwanza, je, bima mnayouziwa inalipia uharibifu wa paa na wa sehemu ya chini ya gari? Mikataba mingi huuondoa uharibifu huo, na aliyekodi hubaki nao peke yake.

Pili, je, ipo miji, barabara au majimbo ambayo mkataba unakataza gari kufika? Kuingia humo kwaweza kuibatilisha bima yote.

Tatu, ni maili ngapi zimo katika bei, na kila maili ya ziada ni kiasi gani?

Nne, tozo za barabara zitalipwaje? Sehemu nyingi hakuna tena mtu wa kupokea fedha. Mtambo husoma kifaa cha E-ZPass au hupiga picha ya namba za gari, na bili ya picha huwa ya juu zaidi. Kampuni za kukodisha huweza kuongeza ada yao juu ya kila tozo au kila siku. Kumbukeni pia kwamba tozo nyingi huhesabiwa kwa idadi ya ekseli. Mkivuta tela, mtalipa zaidi.

Tano, amana itarudishwa lini, na kwa masharti gani yaweza kukatwa?

Turudi kwa familia yetu. Walipoketi na ramani siku tatu kabla ya safari, waliona njia ya tatu: kutoka Virginia kwenda magharibi kwa I-66, kupanda kwa I-81 kupitia Pennsylvania hadi Scranton, kisha kushika I-84 kuelekea mashariki, kuuvuka mto Hudson kwa daraja lililo kaskazini mbali na jiji, na kuingia Massachusetts. Njia hiyo haigusi Washington, Baltimore wala New York. Inaongeza yapata maili 120. Ikiwa kila maili ya ziada ni senti 40, gharama yake ni dola 48, na mafuta juu yake. Mama aliuliza kama fedha hizo hazikuwa za kupotea bure. Bibi ndiye aliyejibu: kawia ufike. Wakaondoka Alhamisi alasiri badala ya Ijumaa, wakalala katika uwanja wa kambi huko Pennsylvania, na Ijumaa jioni masufuria yakashushwa yakiwa salama.

Hatusemi kwamba njia ndefu ndiyo bora siku zote. Asiyeweza kuondoka mapema aweza kuchagua I-695 ya magharibi, mradi aipite kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, nyakati ambazo wafanyakazi wengi hawamo barabarani. Tunachosema ni kwamba njia ichaguliwe mezani, kwa utulivu, na wala si katika makutano ya barabara huku honi zikilia nyuma yenu.

Na ikitokea mmekosea, msione haya. Ukikiona kibao cha kimo kilicho chini ya chako, punguza mwendo, washa taa za dharura, simama kabla ya daraja, kisha uwapigie polisi kwa namba 911 wakusaidie kurudi nyuma. Aibu ya dakika 20 ni nafuu kuliko paa lililong'olewa na watu waliomo chini yake.

Mwisho, tunzeni ushahidi. Pigeni picha za gari lote, paa likiwemo, siku ya kulichukua na siku ya kulirudisha. Hifadhini mkataba na risiti zote. Mkitozwa kwa uharibifu msioufanya, au kwa tozo ya barabara msiyoipita, andikeni barua kwa kampuni mkiomba ithibitishe, na mbaki na nakala. Kama mlilipa kwa kadi ya mkopo, mnayo haki ya kupinga deni hilo kupitia benki. Kampuni isipojibu, malalamiko hupelekwa katika ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa jimbo, kitengo cha kuwalinda watumiaji. Kiingereza kikiwa kikwazo, ulizeni kama yupo mkalimani.

Tunawatakia safari njema. Nenda salama, urudi salama, na amana yako irudi nzima.