Karantini Bila Mkalimani

Jumamosi, Julai 4, 2020, serikali ya jimbo la Victoria, Australia, ilifunga papo hapo maghorofa tisa ya nyumba za umma jijini Melbourne ili kuzuia korona. Ndani mlikuwa na watu wapatao 3,000, wengi wao wahamiaji na wakimbizi: Wasomali, Waethiopia, Wasudani, Wavietinamu. Waliotangulia kufika ni polisi. Wakalimani walikuwa haba, na wapo wakazi waliobaki wakijiuliza wamekosa nini.

Vijana wa maghorofa hayohayo ndio waliokesha wakitafsiri maagizo na kuwasambazia majirani. Heko kwao, ingawa kazi hiyo ina watu wanaolipwa mshahara kuifanya. Desemba mwaka huohuo, mchunguzi wa malalamiko ya umma wa jimbo, Deborah Glass, alisema kuwafungia watu ghafla namna ile kulikiuka haki zao za binadamu.

Kwa maoni yangu, vipeperushi vilivyotafsiriwa havikosekani. Huja, ila huja mwisho, uamuzi ukishapita, tena kwa maandishi, ilhali mama aliyekulia vitani huenda hakujaliwa kusoma hata lugha yake. Huyo anahitaji kusikia sauti ya mtu anayemwamini, na nafasi ya kuuliza: dawa yangu ya kisukari nitaipataje? Badala yake huitwa mwanawe wa darasa la nne amfasirie. Siri za ugonjwa wa mama, jamani, abebeshwe mtoto!

Wakalimani wa jamii waajiriwe sasa, kungali shwari, na washirikishwe kabla tangazo halijaandikwa.