Gari moja toka Mavivi

Ndugu na dada, nanyi wafadhili wetu,

Wengi mmeuliza sababu gani tulikodi basi ndogo nzima pale kiwanja cha ndege cha Mavivi, na pikipiki zimejaa pale inje. Tuseme wazi. Toka kiwanja cha Goma kifungwe mwaka 2025, wengi wanaorudi kwa ndege wanashukia Mavivi. Kundi la kwanza kila mtu alijipandia pikipiki yake. Mama mmoja mjane akabaki nyuma na watoto wawili na mizigo, jua linazama. Hatukulala mpaka alipofika.

Mara hii tukalipa gari, wote tukaingia Mulekera pamoja. Lakini tulikosa: tulipatana bei ya watu, tukasahau mizigo na kungoja. Ndege ikachelewa, shofa akaongeza. (Na yeye ana haki yake, alingoja tangu asubuhi.) Ile nyongeza ilitoka kwenye sanduku la mbegu. Ndiyo, pesa mliyotuma ninyi. Tutairudisha kwa michango yetu ya mwezi, mbele ya kupanda.

Safari inayokuja bei itaandikwa kwa karatasi: gari nzima, mizigo ndani, saa za kungoja, mpaka mlangoni. Daftari liko kwa mweka hazina. Mje mliangalie.