Mama Anayenyonyesha na Dawa za Sonona

Leo tunazungumza na mama anayenyonyesha, na wote wanaoishi naye.

Mama, umejifungua, na daktari amekuandikia dawa za sonona. Jirani anakwambia: “Acha dawa, au mwachishe mtoto ziwa.” Usifanye haraka. Usiache dawa bila kuongea na daktari.

Ukweli ni huu. Dawa nyingi za sonona hupita kwenye maziwa kwa kiasi kidogo. Sertralini, kwa mfano, hupita kidogo sana. Ndiyo maana madaktari wengi huichagua kwa mama anayenyonyesha. Ukiikatisha ghafla, unaweza kupata kizunguzungu, kukosa usingizi, na sonona ikarudi.

Ufanye nini? Mwambie daktari kwamba unanyonyesha. Mwambie kama mtoto ni njiti au anaumwa. Mtajie dawa zote unazotumia, hata za mitishamba. Meza kipimo ulichoandikiwa, wala usiazime dawa ya mwenzako.

Kisha mwangalie mtoto. Je, analala kupita kiasi, hata kumwamsha anyonye ni kazi? Analia bila kutulia? Kadi ya kliniki inaonyesha uzito hauongezeki? Mpeleke kituo cha afya. Akipumua kwa shida, mkimbize hospitali.

Ukijiwa na mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto, usibaki peke yako. Mwambie mtu wa karibu, mwende hospitali sasa hivi.

Baba, bibi, shangazi: msimwite mama huyu mvivu. Msindikizeni kliniki.

Tunarudia: mama, usiache dawa bila kuongea na daktari.