Mwezi wa Kumi na Tatu: Intaneti ya Kijiji Italipwa na Nani?

Maneno ya timu ya uwanjani mbele ya mkutano mkuu wa wanamemba, Baraka. Tunayachapisha kama yalivyosemwa, sababu wanamemba wengi wa vijijini hawakuweza kufika.



Tumeombwa kusema juu ya intaneti. Tunajua wengine mnawaza moyoni: hayo ni mambo ya Kinshasa, sisi bado tunatafuta mbegu na bati. Mko na haki. Kwa hiyo hatutaanza na intaneti. Tutaanza na mama mmoja mwanamemba wetu. Ametupa ruhusa tusimulie habari yake, ila jina tuliache.

Mama huyu alirudi kutoka Lugufu kabla kambi ile haijafungwa mwaka 2009. Kijana wake mkubwa alikwenda Lubumbashi, ni fundi wa kushona. Msimu wa mvua uliopita, binti yake mdogo alipasuliwa tumbo. Alipona, Mungu asifiwe. Lakini mnajua desturi ya huku: mgonjwa hatoki mpaka faktire ilipwe, na kila siku ya kitanda inaongezwa juu. Kijana akatuma pesa kwa simu. Jumatatu asubuhi ujumbe ukaingia: pesa imefika. Saa sita mchana rezo ikakatika.

Jumanne, hakuna. Jumatano, hakuna. Mama anazunguka na simu ndani ya kitambaa, pesa iko ndani ya simu, na hawezi kuigusa. Mtu wa kumtolea pesa yuko pale kwenye meza yake, na yeye hawezi kitu. Ijumaa mama akapanda pikipiki kufuata rezo mahali ilipo. Nauli ya kwenda na kurudi, na siku nne za kitanda, zilikula karibu nusu ya kile alichotuma mtoto.

Tulipouliza kisa cha rezo kukatika, tuliambiwa jambo dogo sana: mvua ilikata barabara, gari la mazutu halikupita, na mnara ulikunywa tone la mwisho. Basi.

Wapendwa, hapo ndipo shida yetu ilipo. Watu wengi wanadhani Kongo iko mbali na intaneti ya dunia. Si hivyo tena. Waya wa baharini unaoitwa WACS ulianza kazi Muanda mwaka 2013. Kweli, kutoka Muanda mpaka hapa ni zaidi ya kilometa 1,500 hata kama ungeruka kama ndege. Lakini upande wetu wa mashariki uko na mlango mwingine: waya za Bahari ya Hindi, kama SEACOM iliyofika Dar es Salaam na Mombasa mwaka 2009, na EASSy iliyofuata mwaka 2010. Kutoka pwani ile, njia zinapita nchi za jirani mpaka mipaka yetu. Kwa hiyo barabara kubwa ipo. Kinachokosekana ni kilometa za mwisho.

Kutoka mjini kuja vijijini, ujumbe unarushwa kwa mawimbi ya redio, kutoka mnara huu mpaka mnara ule, mlima kwa mlima. Mmoja ukizimika, vijiji vyote vya nyuma yake vinanyamaza. Na vijijini kwetu nguzo za umeme wa taifa hatuna. Mnara unaishi kwa mazutu au kwa jua. Ni kama muhogo wako: hata kama Uvira wameweka lami safi, daraja la kijijini likianguka, muhogo utaoza.

Tena tutenganishe mambo mawili. Kuongea, ujumbe mfupi na pesa ya simu havihitaji intaneti ya mbio. 2G inatosha, hata kwa simu ya tochi. Mama yetu hakukosa 4G. Alikosa mnara ambao hauzimiki. Basi tukiulizwa tuanze na nini, jibu letu ni hili: kwanza rezo isizimike, halafu iwe ya mbio.

Sasa tuseme kosa letu. Ni la sisi timu, si la wanamemba.

Miaka minne nyuma tulifungua kituo cha intaneti katika kijiji kimoja kusini ya Baraka. Mfadhili alinunua sahani ya satelaiti, kompyuta sita, betri na paneli za jua, tena akalipa abonema ya miezi kumi na miwili. Siku ya kufungua kulikuwa ngoma, fanta na hotuba nyingi. Picha zilikwenda Ulaya. Kila kitu kilikuwa bure, vijana walijaa mpaka usiku, na ripoti yetu ilikuwa nzuri sana. Tuliiandika sisi wenyewe.

Mwezi wa kumi na tatu faktire ikaja. Ilipita pesa yote iliyokuwa ndani ya kisanduku cha AVEC ya kijiji. Betri nazo zilikuwa zimechoka, sababu zilichajisha simu za kijiji kizima bure na kuonyesha filamu usiku. Fundi wa kuzitengeneza alikuwa Bukavu. Tukafunga mlango kwa kufuli "kwa muda kidogo". Mpaka leo kuku wa jirani wanalala kwenye baraza ile.

Kosa lilikuwa wapi? Tuliuliza watu: mnataka intaneti? Nani atasema hapana! Tulipaswa kuuliza: mwezi wa kumi na tatu nani atalipa, na kwa pesa ya wapi? Intaneti si sahani iliyo juu ya paa. Intaneti ni faktire ya kila mwezi, ni betri inayolindwa, na ni mtu wa karibu anayejua kutengeneza. Sahani ndiyo sehemu rahisi.

Kuna waliotangulia. Kwenye kisiwa cha Idjwi, ndani ya ziwa Kivu, jamii ilianzisha mtandao wake, ukaitwa Pamoja Net. Waliurusha kwa redio juu ya maji, pale ambapo kampuni hazikuona soko. Hatusemi tuige kila kitu. Tunasema kwamba watu wa kisiwani, Wakongo kama sisi, waliweza kujaribu bila kungoja mpaka kampuni iwakumbuke.

Kwa hiyo tumeleta mambo matatu mbele yenu.

La kwanza halina gharama kubwa: kitabu cha rezo. Katika kila kijiji mwanamemba mmoja anaandika siku na saa rezo ilipokatika, na saa iliporudi. Tulianza katika vijiji vinne. Kitabu kilionyesha jambo ambalo hatukulijua: rezo inakatika zaidi usiku wa manane na siku za mvua kubwa. Tulipompelekea fundi wa kampuni, hakukasirika. Alisema: "Nyinyi huwa mnalalamika tu kwamba rezo ni mbaya. Hii ni mara ya kwanza mnaniambia saa." Aliahidi mazutu ya mnara ule yatapandishwa mlimani kabla ya mvua kuanza. Ahadi si mazutu, tunajua. Lakini msimu huu kitabu kitatuambia kama aliitimiza.

La pili ni kufungua tena kituo, kwa sheria mpya: hakuna chombo kitakachonunuliwa kabla ya kujua pesa ya mwezi wa kumi na tatu. Kuchajisha simu kutalipwa. Fotokopi na kuchapa barua kutalipwa. Anayetaka kuangalia mpira atalipa zaidi ya mwanafunzi. Pesa itakaa ndani ya kisanduku chenye funguo tatu, kama AVEC, na wamama wataishika, sababu mpaka leo visanduku vilivyo mikononi mwao ndivyo vimefika mwisho wa mwaka vikiwa na kitu ndani. Kijana mmoja wa kiume na mmoja wa kike watajifunza kutunza betri, na watakuwa wazaliwa wa pale ambao hawana mpango wa kuhama.

Tena si kila kitu kinahitaji satelaiti. Kuna programu inayoitwa Kiwix: unaweka Wikipedia, hata ile ya Kiswahili, ndani ya chombo kidogo, na simu zilizo karibu zinaisoma bila intaneti hata kidogo. Mwalimu anaweza kutayarisha somo hata mwezi ambao abonema imekatika. Tutaanza na chombo hicho. Sahani itafuata kama kisanduku kitaonyesha nguvu.

Hapa tuseme juu ya bei. Tume ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia intaneti iliweka lengo kwamba intaneti ya msingi isizidi asilimia 2 ya mapato ya mtu kwa mwezi. Fanyeni hesabu: kwa mtu anayepata dola 50 kwa mwezi, ni dola moja. Na nani kati yetu anapata dola 50 kila mwezi bila kukosa? Ndiyo maana kununua mega peke yako ni kujimaliza. Kununua pamoja na kugawana ndiyo njia ya maskini, kama tulivyonunua mashine ya kusaga.

La tatu ni kudai haki. Sheria namba 20/017 ya tarehe 25 Novemba 2020 iliweka mfuko wa huduma kwa wote, unaojulikana kwa jina la FDSU. Kazi ya mfuko ule ni kupeleka mawasiliano pale ambapo kampuni hazioni faida. Sisi ndio tunaoishi "pale". Tunataka tuandike barua moja ya vijiji vyote, pamoja na kitabu cha rezo, tuipitishe kwa wakubwa wa teritware. Msiseme barua hazifanyi kitu. Mnakumbuka RAM, ile pesa iliyoanza kukatwa kwenye krediti zetu mwaka 2020? Watu walisema, wabunge waliuliza, mashirika ya raia yaliandika. Mwaka 2022 iliondolewa.

Kwenu wafadhili, tunasema kwa heshima. Tunajua ni vigumu kupiga picha ya faktire iliyolipwa. Sahani mpya inapendeza zaidi. Lakini pesa ileile mliyotoa kwa mwaka mmoja, tunaomba igawanywe kwa miaka mitatu: mwaka wa kwanza mlipe sehemu kubwa, wa pili nusu, wa tatu kidogo, na kijiji kipande kadiri nyinyi mnavyoshuka. Na mkija kututembelea, msije siku ya kufungua. Njooni mwezi wa kumi na tatu.

Kwenu wanamemba, pendekezo ni franka 500 kwa kila nyumba kwa mwezi, kwa miezi mitatu, kabla ya kununua hata msumari. Asiyeweza kwa sababu ya ugonjwa au ujane, komite ya kijiji itamjua. Kama baada ya miezi mitatu kisanduku hakifiki, hatununui, na kila nyumba itarudishiwa yake mbele ya watu. Hiyo pia itakuwa jibu, na tutaliheshimu.

Tulipotayarisha mkutano huu, mzee mmoja alituuliza: "Nyinyi wa mradi, mnaondoka mwezi gani?" Tulicheka, naye hakucheka. Alitaka jibu. Basi hili hapa: mkataba wetu unaisha baada ya miezi kumi na nane. Tukiondoka na ujuzi umebaki kwetu, mtabaki na kufuli nyingine.

Ufunguo wa kituo kile tumeuleta, uko hapa mezani. Mkikubali, wamama wa komite watauchukua leo. Mkikataa, tutaurudisha kwa mwenye nyumba ili apate kuweka muhogo wake mle ndani. Tunawaachia nafasi ya maswali, na baadaye Bwana Prezida ataitisha kura.